Soketi za Kifuani za Noemi

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, wageni waalikwa mliokanyaga tope la Bayou Cigale na viatu vyenu vizuri, majirani zangu, na wewe mama yangu Eulalie, uliyewahi kiti cha mbele ili unisahihishe: salamu nyingi.

Mimi Ulisse Fontenot nimekuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na moja. Hakuna nyumba mtaa huu ambayo sijatambaa chini ya sakafu yake. Siku moja nilikuta mamba humo, nikamwomba anishikie tochi, akanishikia. Mama, usitikise kichwa. Leo tunafungua duka la ufundi la mpwa wangu Noemi, na aliyemfundisha mnamjua.

Mnakumbuka gharika ya mwaka juzi ilivyoharibu nyaya za mama? Kaka yangu Alcide alikuja kutoka Dallas, akasema mbele yetu sote: "Mama, maji yakiingia kwenye nyaya mara nyingine, nyumba inauzwa, unakuja kwangu." Mama wa miaka themanini na mbili, ghorofa ya tisa! Huko angemkaangia nani kamba?

Noemi akaichukua kazi ya kutia nyaya upya. Kwetu kila mwimo wa mlango una mistari ya penseli, kila gharika na mwaka wake. Mimi mistari ile huwa naitumia kujisifia kwa wageni. Yeye alitoa tepu, akapima ule wa juu kabisa, akaongeza shubiri mbili, akapanga soketi zote huko, usawa wa kifua changu. Nyaya akazishusha kutoka darini. Sanduku la swichi akalipandisha juu zaidi.

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. "We binti, bibi yako atapiga pasi akiwa juu ya farasi?"

"Mjomba, sogea. Umekanyaga waya wangu."

Agosti maji yakaja. Noemi akazima swichi kuu, akampakia bibi yake kwenye boti. Tuliporudi, maji yalikuwa yameipita mistari yote ya zamani, yakakomea vidole vinne chini ya soketi. Vidole vinne! Mkaguzi akapima, akasaini, na siku ya tatu feni za mama zilikuwa zinakausha kuta.

Na nyumba ya fundi wa miaka thelathini na moja ilikaa gizani wiki ngapi? Semeni, msinionee haya. Tano! Nilikwenda kwa mama na shati la kanisani mkononi, naomba kupiga pasi. Noemi akafungua mlango.

"Mjomba, farasi umemwacha wapi?"

Alcide naye alipiga simu. Mama akamwambia, "Taa zinawaka," akakata.

Noemi, mbele ya Meya na Padri nasema jambo ambalo kinywa hiki hakijawahi kulisema: njoo unitilie nyaya upya. Soketi weka unapotaka, hata darini. Na penseli hii niliyochorea mistari ya familia miaka yote, ishike. Kuanzia leo unapima wewe.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Mama, simama, hapana haja ya kuinama: bonyeza swichi, duka liwake!