Bibi Mwantum na Nusu Kapu la Mbegu

Sisi ni wa Mola na kwake tunarejea. Huu ni wasifu wa Bibi Mwantum binti Bashiru, na ninyi mliomjua mtashangaa kumwona ametulia.

Alizaliwa Mtunda yapata mwaka 1890, mtoto wa kwanza wa Mzee Bashiru na Bi Tabu. Alisoma chuoni mpaka akahitimu juzuu ya Amma, ingawa maalimu alilalamika kwamba mtoto huyu anasoma kasimama, macho mlangoni.

Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, baba yake alikwenda vitani na hakurudi. Askari wa Wajerumani wakachoma maghala. Bi Tabu akakimbilia hapa Mbwera, karibu na bahari, na Mwantum, mdogo wake Khamisi, na kapu moja la mbegu ya mpunga. Hawakuwa na kingine cha kuwavusha mwaka.

Mvua za vuli zilipoanguka wakapanda nusu, kama walivyozoea Mtunda. Mpunga ukaota, ukapendeza macho. Kisha likaja bamvua, bahari ikapanda mtoni hadi shambani, na majani yote yakawa mekundu. Husseini bin Abdala, kijana mkata boriti wa hapo, akawahurumia.

“Weye, maji hukuyaonja?” alimwuliza Mwantum. “Hapa chumvi inatawala mpaka masika. Ngojeni mto ujae, maji matamu yaisukume bahari. Na mpande kule kwenye misikundazi. Mti ule hauwezi chumvi nyingi, na mpunga vilevile.”

Kungoja! Khamisi alikuwa amevimba miguu kwa njaa. Bi Tabu akataka kuutwanga mpunga uliobaki ampikie uji. Mwantum akalikalia kapu.

“Mama, tukiula huu tumekwisha sote.”

“Na huyu je?”

Mwantum alimchimbia mdogo wake mizizi, akamtafutia kaa matopeni, na kila alipopita mtoni akachota maji kiganjani akaonja: bado. Khamisi alifariki Februari 1906, mto ungali na chumvi. Machi maji yakawa matamu. Wakapanda, na Julai wakavuna. Roho inauma kulisoma hili, lakini mwenyewe alitaka lisemwe.

Husseini alimwoa mwaka 1908. Kazi ya Bibi ilikuwa kilimo, na hakukaa mahali pamoja. Chumvi ikipanda hapa, anavunja dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, anahamia kule. Marehemu babu yetu Husseini alikuwa akitania kwamba ameoa mwanamke na mkeka uliokunjwa. Hata usiku wa arusi ya bintiye alitoroka kwenda kuonja mto, akarudi na matope hadi magotini, wageni wakacheka naye akacheka.

Mwaka 1967 alipata kiharusi, akatibiwa Utete. Miguu ilikataa, lakini aliletewa maji ya mto kwa kikombe mpaka wiki hii. Alifariki hapa Mbwera alfajiri ya leo, Ijumaa, 16 Mei 1969.

Ameacha watoto watatu, Salumu, Mwanajuma na Mwamini, pamoja na wajukuu na vitukuu wengi, wote wamekuzwa na mpunga wa mbegu ile. Jina la Khamisi alikataa lisirithiwe na yeyote.

Mola ampe utulivu ambao duniani hakuupata. Aliacha wasia mmoja tu, kuhusu wali wa msiba wake. Basi wazee wetu mtuwie radhi: leo watoto ndio watakaopakuliwa kwanza.