Lourenço Raimundo, Aliyevuka Rovuma Kuwafuata Wapwa wa Cosme

Ndugu, kamarada na majirani, tumekuja kumzika Lourenço Raimundo. Amelazwa juu ya gome la mti kwa sababu mbao hatukupata, na sanda ni ya kuunganisha. Ndege za vita zikisikika tutaingia porini, zikipita tutarudi tumalizie. Mungu atatuvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1924 karibu na Awasse, wilaya ya Mocímboa da Praia, mtoto wa pili wa Raimundo na Inês. Baba yao alivuka kwenda kukata mkonge Tanganyika, na huko huko akapotea. Lourenço na dada yake Verónica wakalelewa na mjomba wao Fernando, kaka wa mama, kama ilivyo desturi yetu Wamakonde. Mjomba Fernando ndiye aliyemlisha, ndiye aliyempeleka jandoni, ndiye aliyempiga fimbo alipouza kuku wa watu na ndiye aliyemlipia huyo kuku. Akiulizwa yeye ni wa nani, Lourenço alijibu, “Mimi wa Fernando.”

Alisoma shule ya misheni uwandani kuanzia 1934 hadi darasa la tatu, mwaka 1938. Alibatizwa huko huko. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka padre alikuwa akimpa barua zake azinakili.

Kwa ajili ya mwandiko huo alichukuliwa mwaka 1946 kuwa karani na mkalimani kwenye posto moja, kituo cha utawala cha Wareno, upande wa Palma. Kazi yake ilikuwa kuandika watu: jina lako, jina la baba, jina la mama, basi, apite mwingine. Mkono wake ulizoea hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1965, vita na Wareno vilipokuwa vimekwisha kuanza, aliiacha ile posto na kuja porini na familia yake.

Alifunga ndoa na Natália tarehe 23 Aprili 1949. Mungu aliwapa watoto wanne. Wawili walikufa huku porini, mwaka wa ile njaa ya kula mizizi. Natália amesema tusiyataje majina yao leo, hawezi kuyasikia yote kwa mara moja.

Mwaka 1968 chama chetu cha ukombozi kilimkabidhi kituo cha Mambo ya Jamii katika msitu wa Nhica do Rovuma. Kituo chenyewe ni vibanda vitatu mnavyoviona pale. Wajane, vilema, wazee na watoto waliookotwa njiani wote walikuwa wake. Nguo zikija vipande kumi, watu walikuwa mia. Chumvi aliigawa kwa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Bibi Zainabo wa Palma, yupo hapa, alimwambia siku moja, “Mwanangu, hii chumvi umenipa nitie mchuzini au ninuse?” Lourenço akacheka, akammiminia na fungu la nyumbani kwake. Natália alipika bila chumvi mwezi ule.

Sasa tuseme jambo lililomwua, maana hakutaka lifichwe.

Januari mwaka huu wa 1972 mashamba upande wa Mute yalichomwa, na watu wakamiminika hapa. Walikuja watoto wawili wa kike, Esperança wa miaka minane na Palmira wa miaka minne, wameshikana mikono. Lourenço akauliza, “Baba?” Amekufa. “Mama?” Amefia njiani. Akawaandika kuwa hawana mtu. Chakula kilikuwa kimekwisha, watoto wanavimba miguu, na kundi lilikuwa linavuka mto kwenda kambi ya watoto upande wa pili. Akawatia humo.

Mwezi wa pili akaja Cosme, kaka wa mama yao, ambaye alikuwa safarini kubeba mizigo ya wapiganaji.

“Wako wapi wanangu?”

“Nimewavusha, ndugu yangu. Baba na mama wamekufa, hawakuwa na mtu.”

“Hawakuwa na mtu? Na mimi nani, mzoga?”

“Cosme, sikujua…”

“Hukujua nini? Wewe Mmakonde au Mreno? Wewe alikulea nani?”

Lourenço alikaa chini mchangani mbele ya watu wote, akasema, “Fernando.” Siku ile hakula.

Tangu hapo, mtoto akiletwa kituoni, swali la kwanza likawa: mjomba wako ni nani? Wengi wamerudishwa kwa wajomba zao kwa swali hilo. Lakini Cosme alikuwa bado anakuja kila asubuhi, anakaa nje ya kibanda, anauliza, “Bado?” Habari zilizotumwa ng’ambo hazikujibiwa. Machi, mto umefura, Lourenço akasema anakwenda mwenyewe. Dada yake akamsihi, “Mdogo wangu, maji yale yatakumeza. Ngoja yashuke.” Akajibu, “Dada, mtoto wa watu hangoji maji yashuke.”

Alivuka. Kambini alimkuta Esperança. Palmira alikuwa amekufa kwa surua, hata wiki haijatimia. Lourenço alipiga magoti kwenye kale kakaburi, akamwambia Esperança apakumbuke vizuri mahali pale, aje amwonyeshe mjomba wake vita vikiisha.

Wakati wa kurudi ndege ilizunguka juu ya mto. Walijificha ndani ya matete kutwa nzima. Maji yalimfika kifuani, naye amembeba mtoto mabegani asilowe. Walipofika hapa tayari alikuwa anatetemeka. Hakuingia kwake. Alimpeleka Esperança moja kwa moja kwa Cosme, akasema, “Mmoja nimekuletea. Mwingine nimekuulia. Nisamehe.” Cosme alimshika mtoto mkono, wakaondoka.

Kilikuwa kichomi. Sindano za mwisho zilikuwa zimekwenda kwa majeruhi, na yeye ndiye aliyeziandikia ziende. Siku zote za homa aliuliza, “Cosme kaja?” Tulimwambia anakuja. Mungu atusamehe, hatukuwa na la kumpa. Alikata roho alfajiri ya jana, tarehe 9 Aprili 1972, macho yakiwa mlangoni.

Ameacha mjane, Natália. Binti yake Inês. Mwanawe Orlando, aliye vitani na hajui. Dada yake Verónica. Na watoto watatu wa Verónica, ambao tangu jana hawana mjomba.

Cosme, tumekuona. Umesimama kule nyuma na Esperança. Jembe lililochimba kaburi hili tumeambiwa ni lako, ahsante. Hatukulazimishi, hakuna aliye hapa mwenye haki ya kukulazimisha. Lakini tunakuomba, baba, kwa jina la Bwana: kama lipo neno, hata moja, sogea umwambie sasa, udongo haujarudishwa. Tutangoja.

Ee Mungu, mpokee Lourenço, na huko umpe usingizi ambao hapa hakuupata.