Mwalimu Agnesi na Benchi la Darasa la Kwanza

Rumonge, tarehe 24 Juni 2025. Wenzangu wa klabu ya Kiingereza wamenipa ukurasa huu wa sherehe ya kumuaga Mwalimu Agnesi Niyonzima, nami nimeahidi kusema yote, hata yasiyopendeza.

Anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya kufundisha Rumonge miaka kumi na saba.

Alirudi kutoka Tanzania akiwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Hapa cheti chake hakikutambuliwa, akapewa darasa la kwanza la msingi. Lukeba, mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Uvira, alimtania kupitia dirisha: "Mwalimu mukubwa hivi, wamekutupa kwa watoto?"

"Wamenishusha, hawajanifukuza. Ingia, kaa na wenzako."

Lukeba akaingia kweli, akakaa kwenye benchi dogo, magoti karibu na masikio. Leo anapatana bei kwa Kiingereza na wafanyabiashara wa Zambia. Klabu yetu ya Jumamosi ilianzia hapo.

Mwalimu alijifunza Kifaransa, akafanya mtihani upya, akarudishwa sekondari. Labda ndiyo sababu kitenzi "relegate" anakifundisha vizuri kuliko mtu yeyote. Maana yake ni kushusha hadi mahali pa chini. Hutumika kwa mfanyakazi aliyepewa kazi ndogo kuliko ya kwanza, kwa timu ya mpira iliyoshuka daraja, hata kwa jambo lililosukumwa nyuma ya mengine. Merveille, mwenzetu wa klabu, alikitumia kumlalamikia mama yake aliyemtoa sebuleni na kumpeleka kwenye masufuria. Mwalimu alimpa alama zote. "Sentensi nzuri. Sasa nenda ukaoshe."

Safari hii tumeshushwa sisi. Chumba cha klabu kinageuzwa stoo, tumebakiziwa baraza. Direkta wa shule amesema klabu itafungwa ikikosa mwalimu wa kukaa nayo, ingawa hata mstaafu anakubalika. Sisi tumeamua haifungwi. Jumamosi ya kwanza ya Julai nitafundisha mimi, kitenzi hicho hicho. Merveille ataleta ubao, Lukeba ataleta benchi.

Mwalimu, murakoze kwa kila somo. Tunakuombea afya, muhogo mzuri shambani kwako Minago, na asubuhi zisizo na kengele. Ila nijibu kabla sherehe haijaisha, Direkta akiwa bado hapa: Jumamosi hiyo, utakuja kukaa kwenye benchi lile dogo, unisahihishe?