Maji ya Kupozea Kompyuta

Nilikuwa nachambua ndengu kwenye uteo, mbele ya kibanda changu cha kahawa hapa Mtito Andei, Mbaluka alipokuja akihema. Tunamwita Redio kwa sababu habari haikai ndani yake. Kwenye benchi walikuwa Nthiwa, fundi wa simu tunayemwita Injinia, na mzee Ng'ang'a, aliyeendesha lori la Mombasa mpaka magoti yakakataa, akaamua kuzeekea hapa. Wazee hawa watatu hunywa kahawa yangu na kunipa ushauri ambao sijaomba.

— Mama Wayua, wacha ndengu! Ile kampuni ya kituo cha data inakuja kesho. Wanataka kuvuta maji kwa bwawa lenu la mchanga.

Mkono wangu ulisimama. Bwawa hilo tulijenga sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, mawe yakipita mkono kwa mkono kutoka kilimani mpaka mtoni. Mto ukikauka, maji hubaki chini ya mchanga, tunafukua, tunachota. Mwaka huu mvua imetucheza, na tunafukua mpaka kiunoni. Mwenyekiti wa mwethya ni mimi. Kesho jibu litatoka mdomoni mwangu.

— Kompyuta zinakunywa maji?

— Zinashika moto, mama, alisema Redio. Picha zote za simu zinakaa huko. Hazilali.

— Hiyo ni kitu rahisi, alidakia Injinia. Wafunge gunia! Si ndivyo mama yangu alikuwa anapoza mtungi? Unalowesha gunia, upepo unapita, baridi inaingia.

— Umwagie kompyuta maji na bado uitwe Injinia? Ng'ang'a alimtolea macho. Wapoze kama lori. Maji ni yale yale, yanazunguka kwa rejeta. Nilipanda hii barabara na saruji miaka yote.

— Lori lako lilikuwa linachemka kila ukifika Kibwezi! alisema Injinia.

— Lilichemka mara moja!

— Ndio, mara moja kila safari.

Nikauliza stima itatoka wapi.

— Sola, alisema Redio. Jua la hapa tunaweza kuuzia Nairobi na lingine libaki.

— Na usiku?

— Usiku watu wa Nairobi walale, wawache kutumiana video.

— Ule moto nao usipotee, alisema Injinia. Upite kwa bomba, ukaushe maembe ya Makueni yote.

— Uangue na mayai, alisema Ng'ang'a. Kuku atage tu, aende zake.

— Nyinyi mnafikiria kidogo, alisema Redio. Ndovu wamejaa hapo Tsavo, kazi yao ni kupepea masikio bure. Wapangwe laini mbele ya kompyuta!

— Ndovu akinusa hayo maji, bwana, atakunywa yote halafu aikalie intaneti, alisema Ng'ang'a.

Nikacheka mpaka ndengu zikamwagika. Nikaziokota na wasiwasi wangu ukiwa pale pale.

Kagure, aliyehamia juzi kutoka Murang'a na kufungua saluni jirani, alikuwa amekuja kununua kahawa, akabaki amesimama akisikiliza.

— Samahani, mama Wayua. Hayo maji yakishapoza, yanarudi?

Injinia alimtazama Ng'ang'a.

— Ya gunia yanaenda na upepo, alisema polepole.

— Ya rejeta yanarudi, alisema Ng'ang'a.

— Na ya hawa watu ni ya gunia ama ya rejeta? aliuliza Kagure.

— Hiyo hawajasema, alisema Redio, akichungulia kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Birika pia.

— Basi kesho hilo ndilo swali langu la kwanza, nikasema. Wakisema gunia, wapite na barabara yao mpaka Mombasa. Wakisema rejeta, watuonyeshe kwanza, kisha tuongee.

— Na ndovu? aliuliza Redio.

— Wewe nyamaza ule.

Isyo, mahindi yetu na maharagwe, ilikuwa imeiva. Binti yangu Wayua alileta sahani, mdogo wake Kalondu akapitisha karai la kunawa. Wazee hawakuonyesha dalili ya kwenda makwao, kwa hivyo niliwapakulia. Kagure naye nikamvutia kigoda. Nikahesabu vichwa: wasichana wangu wote wawili, wazee wote watatu, mgeni, na mimi. Hakuna aliyekosa.

Kalondu alikuwa ameinua karai, anataka kumwaga maji barabarani.

— Rudisha hapa, nikamwambia. Hayo ni ya kumwagilia sukuma.