Silvanus Amnaay Tarmo, Fundi Aliyempimia Kila Mtu Pikipiki Yake

Marehemu Silvanus Amnaay Tarmo, fundi ambaye wengi wenu hapa mliwahi kuambiwa naye "njoo kesho" na mkaja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapahapa Endamarariek. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Amnaay Tarmo, ambaye ametangulia, na Mama Rahel, ambaye yupo nasi. Alibatizwa mwaka huohuo. Inasemekana alilia kwa namna iliyomfanya padri afupishe sala.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1986. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, jambo ambalo halikumshangaza mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mwaka 1988 alikwenda Arusha kujifunza ufundi wa magari, akarudi mwaka 1990 na cheti, ovaroli, na tabia ya kusikiliza injini akiwa amefumba macho. Mama yake alidhani ni usingizi.

Alifanya kazi kwenye gereji ya shamba moja la kahawa hadi mwaka 1999, kisha akafungua kibanda chake Ganako. Bodaboda zilipojaa Karatu, mafundi wenzake walikimbilia injini. Yeye alishika shokapu za mbele. Alisema pikipiki inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, anayepita barabara ambayo Karatu haipo. Kwa hiyo alifunga kipande cha mpira kwenye bomba la shokapu, akamkalisha mwenye pikipiki na mzigo wake, akatazama mpira umesukumwa hadi wapi. Pikipiki ikizama mno, aliongeza washa, vile vipete vya chuma, juu ya springi. Ikikataa kuzama, alipunguza. Oili alichagua nzito au nyepesi, kutegemea kama mtu anapita kwenye mawe au kwenye vumbi.

Uzito wa kutajiwa kwa mdomo hakuupokea. Mwalimu wetu wa kwaya, ndugu Benson, aliwahi kumwambia ana kilo sabini. Silvanus akautazama mpira, akauliza, "Sawa, mwalimu. Na huyo mwingine uliyekaa naye ni nani?" Ndugu Benson yupo hapa na ameruhusu jambo hili lisomwe.

Wateja walimfuata hata kutoka Ngorongoro. Lesiamon, dereva wa bodaboda wa Sale hukohuko Ngorongoro, alikuja akitaka shokapu ngumu, maana zile laini aliziita godoro. "Fundi, mimi ni mwanaume," alisema. Silvanus akamjibu, "Mawe ya Sale yameshaambiwa hilo? Kaa juu tupime." Waliendelea kubishana hivyo kwa miaka, na ubishi ukawa udugu.

Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Evarista, muuguzi, mwanamke aliyemwambia "njoo kesho" mara nyingi kuliko yeye alivyowaambia wateja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Angela na Abraham.

Mwezi Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Arusha, na mwezi Januari mwaka huu madaktari walishauri arudi kupumzika nyumbani. Sisi ndugu tulifanya kama tunavyofanya siku zote kwa mgonjwa: kila asubuhi tulimwambia leo ana nafuu. Shemeji yake, Laurencia, alimwambia amenenepa. Silvanus alisema, "Ahsante."

Mama Rahel, anayeishi hapa Endamarariek na ambaye miguu haimruhusu kusafiri, aliambiwa mwanawe ana malaria. Ilikuwa malaria ya miezi saba.

Hilo ndilo lililomuuma Silvanus kuliko ini. Alitaka amfikie mama yake akiwa hai, amwambie kwa kinywa chake. Lakini mvua zilikuwa zimekata njia kwenye korongo, gari halipiti, na kwa pikipiki kila tuta lilikuwa likimpiga tumboni. Jumamosi, tarehe 26 Aprili, alimwita Lesiamon, akaketi juu ya pikipiki yake mwenyewe, ile aliyoipanga enzi zake akiwa mtu wa mwili mkubwa. Mpira haukusogea.

Laurencia alikumbuka ana chungu jikoni.

Lesiamon akatoa washa moja, kwa heshima. Silvanus akaketi tena, akamwangalia. "Unamheshimu nani? Yule wa kilo tisini hayupo. Toa zote, utie oili nyepesi."

"Fundi, itakuwa godoro."

"Leo ndilo ninalolitaka."

Wakailegeza na shokapu ya nyuma. Evarista alipinga, akapinga tena, kisha akapanda nyuma ya mumewe, akamshika kiunoni kama siku za uchumba, isipokuwa safari hii ndiye aliyekuwa akimzuia asianguke. Lesiamon alitangulia na pikipiki yake kuchagua njia. Walivuka korongo polepole. Evarista anasema mumewe aliguna mara moja tu, na ni kwa sababu ya jinsi Lesiamon alivyokata kona.

Mama Rahel alikuwa barazani. Akamtazama mwanawe tangu kichwani hadi miguuni. "Malaria imekwisha?"

"Haikuwa malaria, Mama. Ni ini. Sitapona."

Mama akasema, "Nilijua si malaria. Nilikuwa nangoja nione nani kati yenu ataniambia. Ingia unywe uji."

Walikaa pamoja hadi jioni wakichambua maharage, Silvanus akikaripiwa kwa kutupa mazima.

Silvanus aliaga dunia Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, alfajiri, nyumbani kwake Ganako, Evarista akiwa pembeni yake. Jeneza lake limevushwa korongoni kwa mikono ya madereva wa bodaboda, kwa zamu, ili azikwe kando ya baba yake.

Ameacha mjane, Evarista. Watoto, Angela na Abraham. Ndugu, wateja, na pikipiki kadhaa ambazo wenyewe mnaombwa mzifuate. Amemwacha pia mama yake, Mama Rahel, ambaye asubuhi ile tulipofika mlangoni na kuanza kutafuta maneno, alituambia: "Kaeni. Msinizungushe. Mwanangu alishakuja kuniaga mwenyewe."

Mungu ampe Silvanus wetu pumziko lenye amani.