Mama Fundi na Riwaya Aliyoizungusha kwa Wanawe

Ndugu, majirani, na nyinyi wateja mliokuja mmevaa nguo alizowashonea: marehemu Mama Fundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mwashi na mkewe, katika nyumba ambayo baba yake alikuwa hajamaliza kuiezeka. Alipenda kusema ndiyo maana mvua haikuwahi kumtisha.

Alisoma hadi darasa la saba, akatoka wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, na Mama Fundi ameingia kaburini hajayakubali matokeo yale. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu baada ya miaka miwili.

Katika kiwanda cha sare alishona mikono ya mashati kwa miaka kumi na mmoja. Mikono tu, kola zilikuwa na wenyewe. Mwaka 1988 aliacha, akaweka cherehani yake barazani. Alikuwa na mtindo wake: palipokuwa na swali kwenye nguo, hakulisema. Alipiga bandi, mshono wa muda, ya uzi mwekundu pale pale, mteja akija kujaribu auone, wakubaliane, ndipo uzi ukatwe. Maneno magumu yalimshinda mdomoni, mkononi hayakumshinda.

Tarehe 8 Desemba 1979 aliolewa na fundi bomba, mtu wa utani mwingi. Walijaliwa watoto wanne: Mwalimu, ambaye ndiye anayewasomea haya, Dereva, Karani, na mwaka 1991 kitinda mimba wao, aliyebandikwa jina la Bosi kwa sababu nyumba nzima hufuata ratiba yake.

Bosi ana usonji. Daktari alilitamka neno hilo mara moja tu, akaita mgonjwa mwingine. Chai ikitiwa kwenye kikombe kisicho chake, hainywi. Siku moja alikata vifungo vyote vya gauni la bibi harusi, akavipanga dirishani kwa ukubwa, na harusi ilikuwa mchana uleule. Mama Fundi akamwambia bibi harusi, "Vumilia mwanangu, Bosi alikuwa anakagua." Akavirudishia vyote thelathini na sita, na yule binti akaondoka anacheka.

Juni 2017, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, alinunua riwaya ya mtumba kwa muuza vitabu anayetandika gunia mbele ya posta. Haikuwa na jalada. Ilimhusu dada aliyemchukua mdogo wake mwenye usonji baada ya wazazi wao kufa. Aliisoma kwa siku kumi na moja, akaanza upya. Kisha akaizungusha kwa wanawe watatu wakubwa: ukimaliza, andika jina lako na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, mpe mwenzio.

Iliporudi, Machi 2019, ilikuwa na majina matatu. Dereva alisema, "Kitabu kizuri, Mama, kimenigusa." Karani alisema kimemliza. Mwalimu alisema kinafaa kufundishwa shuleni.

Mama Fundi alikifungua katikati, akakitazama kidogo, akakifunga. "Ahsanteni kwa kusoma," alisema, akaenda kumpa Bosi chai. Pale katikati, kurasa mbili zilikuwa zimepigwa bandi ya uzi mwekundu, na uzi ulikuwa mzima.

Hakuna aliyefika hapo. Mwalimu alisoma kurasa ishirini akaandika jina. Wengine watajisemea wenyewe.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 19 Januari, wodini, wanawe watatu wamemzunguka, aliuliza kwa mdomo kwa mara ya kwanza: "Bosi atakaa na nani?"

"Kwanza upone, Mama," Karani alisema. "Hayo tutayaona."

"Sitapona. Yaoneni sasa, nikiwa macho."

Dereva alitoka kupokea simu ambayo haikuwa imeita. Mwalimu alijifanya anaweka mto sawa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu kila mmoja aliujua uzito wake, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Fundi alifariki Jumatano tarehe 5 Februari 2025, saa nane mchana, hajajibiwa.

Kesho yake, akitafuta kitambulisho cha marehemu, Mwalimu aliikuta ile riwaya, akaukata ule uzi kwa wembe. Ndani mlikuwa na karatasi: "Ukifika hapa, njoo uniambie kama utamchukua. Ukisema huwezi sitakasirika, nitatafuta mtu mwingine nikiwa bado na nguvu." Tangu riwaya iliporudi, nguvu alikuwa nazo kwa miaka mitano. Alikaa akisubiri mtu aje amwambie.

Ameacha dada mmoja, watoto wanne na wajukuu sita. Watatu kati ya watoto hao walikutana Alhamisi jioni, na kikao hakikufika nusu saa. Mmoja ana vyumba viwili, mwingine yuko safarini kila wiki, wa tatu mumewe amekataa. Jumatatu tarehe 10, saa tatu asubuhi, gari la kituo cha malezi litakuja kumchukua Bosi. Hajaambiwa. Tangu Jumatano anauliza, "Mama saa ngapi?" na kila anayeulizwa humjibu, "Baadaye."

Apumzike kwa amani Mama Fundi, kama ataweza. Wanawe hawakumwachia hata chembe ya amani ya kuondoka nayo.