Ataloma Ikihele na Kitambaa Chake Cheupe

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mlioshuka kwenye ndege ya Auckland jana mkiwa bado na makoti ya baridi: mimi ni Fapoi, mdogo wa marehemu. Wengine walitaka wasifu huu usomwe na mtu mpole. Mtu mpole hakumjua dada yangu, basi nisikilizeni mimi.

Ataloma alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1938, hapa Matalagi, kisiwani Niue, mtoto wa tatu wa mzee Lefulefu na mama Hegatule. Uchungu ulimshika mama yetu akiwa anafua, na yeye mwenyewe alitusimulia kwamba alimaliza kusuuza kwanza ndipo akaingia ndani kujifungua. Ndiyo maana, mama alisema, mtoto huyu hawezi kuona uchafu akanyamaza.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1945 hadi 1952. Hesabu zilimpiga chenga, lakini Biblia aliisoma kwa sauti ya kuamsha waliosinzia. Siku moja ya mvua alimzuia mwalimu mlangoni, akamwambia afute viatu kwanza. Alichapwa. Kesho yake mwalimu alifika, akasimama mlangoni, akafuta viatu bila kuambiwa.

Mwaka 1956 aliajiriwa kufua mashuka ya hospitali kule Alofi, na kazi hiyo aliifanya hadi 1983. Jioni alisuka kofia na mikeka. Kisha mwaka 1974 wanawake wa Matalagi wakamchagua aongoze ukaguzi wa nyumba, na hapo ndipo kitambaa cheupe kilipoingia katika maisha yetu. Kilikuwa kipande cha shuka kuukuu. Alikifunga kwenye ncha ya ufito mrefu, akaingia nacho nyumba kwa nyumba, akakipitisha juu ya boriti na chini ya paa, maana nyumba zetu hazikuwa na dari. Kikishuka cha kijivu, umekwisha. Kikishuka cheupe, unapata alama, na mwisho wa mwaka kuna kombe. Jamani, tulimwogopa Ataloma kuliko kimbunga! Kwa hiyo kila ilipokaribia siku ya ukaguzi, kijiji kizima kilipanda juu ya viti na fagio za chelewa, tukalikwangua paa kwa ndani mpaka mikono ikaota malengelenge. Vumbi likashuka juu ya mikeka, juu ya watoto, juu ya vyungu vya talo, magimbi yetu. Tukakohoa, tukacheka, tukafagia tena.

Alifunga ndoa na Pokotoa Ikihele, fundi seremala, Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 1961. Vimbunga vya mwaka 1959 na 1960 vilikuwa vimetuvua mapaa, na mabati ya asbesto yakaletwa kwa meli. Yalisifiwa sana: hayaozi, hayashiki moto, hayapigi kelele mvua ikinyesha. Shemeji yangu aliyakata kwa msumeno wa mkono, akarudi nyumbani mweupe mithili ya mtu aliyeanguka kwenye unga, na dada akazikung'uta nguo zake mlangoni kabla ya kuzifua. Paa la nyumba yao aliliezeka mwenyewe, na hakuna mahali lilipovuja. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Ikipa, mwaka 1966. Pokotoa alifariki mwaka 1998, kwa kifua. Tulisema ni sigara. Sigara ilikuwamo, lakini baadaye tulielezwa kwamba moshi na vumbi lile vikikutana katika pafu moja, madhara huzidi mara nyingi.

Ikipa alikuwa ameshahamia Auckland. Mwaka 2003 yeye na mkewe, wote wakifanya kazi za zamu, walimleta binti yao Molima, mwenye umri wa miaka miwili, alelewe na bibi yake kama ilivyo kawaida yetu. Dada alikuwa mjane wa miaka mitano, ameanza kula kwa kusimama. Mtoto yule alimrudishia meza, kicheko na ugomvi. Mwaka uliofuata kimbunga Heta kikaja. Nyumba yangu kiliifuta kabisa. Ya dada kiliiacha imesimama, ila paa likapata nyufa, na kingo za mabati zikaanza kumomonyoka. Dada akafanya lile alilolijua: akaongeza kufagia.

Sasa niseme habari ya Krismasi ya mwaka 2010. Ikipa alikuja likizo. Siku hizo alikuwa akibomoa nyumba kuukuu huko Auckland, na alikuwa amesomea kazi hiyo. Aliamka mchana kutoka usingizini, akamkuta mama yake juu ya kiti, ufagio umeelekezwa paani, na Molima amelala mkekani chini yake.

"Mama, weka ufagio chini."

"Kesho ukaguzi. Wewe umekuja likizo, rudi ulale."

"Nimesema weka chini! Hilo ni asbesto. Kazini sisi hatuligusi bila barakoa na suti, wewe unalikwangua mtoto amelala hapo?"

"Loo! Nimefua mashuka ya kisiwa kizima, leo mtoto niliyemfuta kamasi anifundishe usafi?"

Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona nitie chumvi. "Muulize huko Auckland kama wanafagia, au wanavaa barakoa tu wakatazamana."

"Mama mdogo, usicheke," akasema Ikipa, kisha akamgeukia mama yake. "Mama, mwezi wa tatu narudi kumchukua Molima. Mwanangu halali tena chini ya paa hili."

"Hili ni paa la baba yako."

"Ndiyo. Na baba yuko wapi?"

Dada alishuka kwenye kiti, akamwamsha Molima, akaenda naye kukaa nje hadi jua likapungua. Usiku ule hakula, na takihi niliyompelekea, chakula alichokipenda kuliko vyote, ilipoa vivyo hivyo.

Watu walidhani amekasirishwa na maneno ya Ikipa. Mimi nililala naye kitanda kimoja utotoni, nilijua anachoogopa. Aliogopa nyumba isiyo na Molima. Tena aliogopa kwamba mwanawe anasema kweli.

Ikipa alipoondoka, dada alimwita bwana afya, kijana aitwaye Vilisoni. Alimngoja mlangoni na kitambaa mkononi.

"Tazama, cheupe pe! Vumbi liko wapi?"

"Mama, linalodhuru hapa huwezi kuliona," Vilisoni akasema. "Ni nyuzi nyembamba mno kuliko unywele. Zinaelea humu ndani, mnazivuta, zinakaa mapafuni. Ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Paa zima lisiloguswa halina haraka, mtu aliache na alichunge. Lako limepasuka, na juu ya hapo linakwanguliwa."

"Kwa hiyo kila nilipolisafisha..."

"Ulikuwa unalimwaga hewani, mama."

Vilisoni alikilowesha kipande cha paa kilichovunjika kabla ya kukigusa, akakifunga kwenye mfuko, kikapelekwa kupimwa New Zealand. Jibu lilirudi: asbesto. Lakini dada hakungoja jibu. Siku ileile aliifunga nyumba, akaja kwangu na Molima, maana baada ya Heta mimi niliezeka kwa mabati ya chuma. Hakubeba godoro wala mkeka. Na mimi nikaanza maisha ya kukaguliwa sufuria kila asubuhi, Mungu ndiye shahidi.

Mkutano wa wanawake uliofuata aliusimamia yeye mwenyewe. Alikiweka kitambaa mezani.

"Miaka yote hii nimewapa alama kwa kuwavutisha sumu, ninyi na watoto wenu. Sikujua. Leo najua, na nisiposema nitakuwa mchafu kuliko nyumba zote nilizozinyima alama."

Kisha Tiva, aliyekuwa ameshinda kombe mara tatu, akauliza, "Basi na kombe turudishe?"

Tulicheka mpaka wengine wakalia. "Kombe kaa nalo," dada akamwambia. "Ufagio ndio uulete!"

Tangu siku hiyo alama zikageuka. Ukifagia kukavu, umekosa zote. Sakafu ni kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa chenyewe kinafungwa mfukoni, hakikung'utwi dirishani. Paa halikwanguliwi, halitobolewi, halipigiliwi msumari wa kutundikia picha ya mtu yeyote, hata ya mchungaji. Kipande kikivunjika hukichukui kujengea banda la nguruwe. Unakilowesha, unakifunika, unawaweka watoto mbali, unamwita bwana afya. Na dada alikagua kweli! Mimi mdogo wake wa tumbo moja nilinyimwa alama kwa kuegesha vipande vya asbesto nyuma ya jiko, na sikusamehewa hadi Pasaka.

Machi 2011 Ikipa akatua, tiketi ya Molima mfukoni. Alimkuta mama yake amekaa kibarazani kwangu, nyumba yake ng'ambo ya barabara imefungwa, mlango umezungushiwa kamba.

"Nenda kakague," dada akamwambia. "Halafu uniambie kama mtoto anaondoka."

Ikipa aliitazama nyumba ile muda mrefu. Jioni alipiga simu kazini kwake kuomba ruhusa, na baada ya wiki mbili wenzake wanne wenye mafunzo wakamfuata. Mfereji wa maji ya mvua ulitenganishwa na tangi. Sisi tuliamriwa tukae mbali, dirisha limefungwa, lakini tulichungulia. Walivaa suti nyeupe na barakoa nzito, wakayamwagia mabati maji, wakafungua misumari taratibu, wakayashusha moja moja bila kuyavunja kama wanaoshusha mgonjwa. Yalifungwa plastiki mara mbili na kuwekwa kwenye kontena lililofungwa kwa kufuli, yakingoja meli ya kuyapeleka kwenye shimo lake maalumu ng'ambo. Ndani walifuta kila kitu kwa maji na kwa mashine yao ya kunyonya vumbi.

Kikabaki kitu kimoja. Mkeka wa harusi, aliosuka mama yetu, ulikuwa umetandikwa chini ya paa lile kwa miaka hamsini.

"Mama, huu hauoshiki," Ikipa akasema. Alishindwa kumtazama.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. "Ufunge," dada akasema. "Mama yetu aliusuka ili mtu alale salama. Kama hauwezi tena kumlaza mtu salama, angeelewa."

Hewa ya nyumba ikapimwa, ikaonekana safi. Paa jipya la chuma likawekwa, na mvua ya kwanza ikapiga kelele hadi dada akalalamika hasikii redio. Tiketi ya Molima ikarudi Auckland bila Molima. Mapaa mengine ya kijiji yalichukua miaka, lakini la mwisho lilishuka mwaka 2017, na dada ndiye aliyeshika kamba ya kuwazuia watazamaji.

Mwaka 2013 alikwenda Auckland kuchunguzwa. Madaktari waliona makovu mapafuni. Walimweleza kwamba makovu hayo hayafutiki, ila mtu anaweza kuishi nayo: akae mbali na moshi na vumbi, achanjwe chanjo za mafua, atembee kila siku, arudi kupimwa. Alirudi akaniambia, "Fapoi, kumbe nyumba niliyoshindwa kuisafisha ni hii niliyo nayo kifuani." Kisha akavaa viatu akaenda kutembea, na akaendelea kutembea miaka kumi zaidi. Alimwona Molima akimaliza masomo, akirudi kuishi nyumbani, na mwezi Februari mwaka huu akijifungua mtoto wa kiume. Mwaka wake wa mwisho alivuta hewa ya mtungi, na hata mtungi aliupangusa.

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, jioni, hospitalini Alofi, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Molima alikuwa amemshika mkono. Dada aliuliza, kwa pumzi iliyokatikakatika, "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala nyumbani, Bibi."

"Chini ya paa gani?"

"Lako, Bibi. Lile jipya."

Akatikisa kichwa kukubali, kama alivyofanya kitambaa kiliposhuka cheupe. Baada ya hapo hakuuliza kitu kingine.

Ameniacha mimi mdogo wake. Amemwacha mwanawe Ikipa na mkewe, wajukuu wanne, Molima akiwa mkubwa wao, na kitukuu mmoja ambaye nywele zake bado hazijakatwa kwa sherehe, kama desturi yetu kwa watoto wa kiume. Amewaacha pia wanawake wa Matalagi, ambao jana walikuja kuiandaa nyumba ya msiba, na sikuona hata mmoja akifagia kukavu.

Kitambaa chake, baada ya kufuliwa, tutakiweka juu ya kaburi pamoja na kofia aliyokuwa hajamaliza kuisuka. Tukitoka hapa tutavuka barabara tukale nyumbani kwake. Ingieni taratibu, mtoto amelala. Na atakayesafisha wageni wakiondoka, aloweshe kwanza.

Dada, tumekagua. Nyumba ni safi, mtoto anapumua vizuri. Shusha mikono sasa, upumzike.